Kitabu Kina Mwenyewe, Kanuni Haina

Msomaji mwenye studio ndogo ya picha karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, anauliza: "Shikamoo. Nimerithi kwa mjomba wangu vitabu vitatu vya Kiingereza vya upigaji picha. Kimoja kilichapishwa London mwaka 1938, kingine New York mwaka 1952, na cha tatu kimechanika kurasa za mwanzo, hivyo sijui mwandishi wala mwaka. Kila Jumamosi nafundisha vijana, wengi wao wanatumia simu. Je, naruhusiwa kuvitafsiri kwa Kiswahili, kuvitolea kopi na kuwatumia PDF? Mtu wa steshenari ameniambia kwamba kitabu kikishapita miaka hamsini ni cha kila mtu. Halafu, hizi kanuni za mpangilio wa picha, kama ile ya theluthi, ya kuigawa picha mafungu matatu, bado zina maana, au nitakuwa nawafundisha vijana mambo yaliyopitwa na wakati?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili ambayo kwa kawaida hupelekwa kwa watu wawili tofauti, la kwanza kwa mwanasheria na la pili kwa mpiga picha, lakini mimi nayaona yanashikana, na nitajitahidi kuonyesha kwa nini.

Aliyekuambia habari ya miaka hamsini ameshika nusu tu ya maneno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayotuongoza hapa Tanzania, inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na hesabu hiyo hukamilika mwisho wa mwaka husika. Hesabu haianzi siku kitabu kilipotoka kiwandani. Kwa hiyo umri wa karatasi, rangi yake ya njano na harufu yake ya sanduku havikuambii lolote kuhusu haki iliyomo. Tuseme kitabu chako cha London kiliandikwa na mzee aliyefariki mwaka 1941: ulinzi wake hapa nchini ulikwisha mwishoni mwa 1991. Tuseme badala yake kiliandikwa na kijana aliyeishi mpaka 1995: kitabu hichohicho, cha mwaka uleule 1938, kinalindwa mpaka mwisho wa 2045. Swali la kwanza la kuuliza juu ya kitabu cha zamani, basi, ni lini mwandishi wake alifariki.

Nikupe majina halisi ili uone jinsi hesabu inavyokwenda. Henry Peach Robinson, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1869 kitabu kilichowafundisha wapiga picha wengi kanuni za mpangilio, alifariki mwaka 1901. Mpinzani wake mkubwa, Peter Henry Emerson, aliyetoa kitabu chake mwaka 1889 kuwahimiza wapiga picha waifuate asili badala ya kuigiza michoro ya studio, alifariki mwaka 1936. Maandishi ya hawa wawili ni huru hapa kwetu na hata huko kwao. Edward Weston, mpiga picha wa Marekani, alifariki mwaka 1958, kwa hiyo kwa sheria yetu maandishi yake yalitoka kwenye ulinzi mwishoni mwa 2008. Ansel Adams, naye mpiga picha wa Marekani, alifariki mwaka 1984, na kazi zake zinalindwa hapa mpaka mwisho wa 2034. Ukimjua mwandishi wa kitabu chako, hesabu kama hizi utazifanya mwenyewe kwa dakika moja.

Sasa ongeza jambo la mipaka, maana ndipo PDF inapoleta matatizo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, hivyo kitabu cha mgeni kinalindwa hapa kama kilivyo cha Mtanzania, na kinachoangaliwa ni sheria ya nchi ambamo kazi inatumika. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu miaka 70 baada ya kifo, si 50. Marekani, kwa vitabu vya zamani, huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, lakini kuna jambo la kuangalia: vitabu vilivyochapishwa huko kabla ya 1964 vilipaswa kuandikishwa upya katika mwaka wa 28, na vingi havikuandikishwa. Kitabu chako cha 1952, kama kiliandikishwa upya, kinalindwa Marekani mpaka mwisho wa 2047, na kama hakikuandikishwa, kilikwisha kuwa huru huko tangu mwanzo wa 1981. Hata hivyo usije ukakikuta kwenye tovuti ya Marekani kikiwa huru ukadhani na hapa ni hivyohivyo, au kinyume chake. Kopi unayoigawa kwa mkono darasani Mwanjelwa inabaki chini ya sheria ya hapa. PDF iliyorushwa kwenye kundi la simu inaweza kufika Birmingham kabla ya chai ya saa nne, na huko inakutana na sheria nyingine.

Yapo mambo mengine matatu ambayo watu huyasahau. La kwanza ni picha zilizomo ndani. Mwandishi wa maneno na wapiga picha waliompa mifano ni watu mbalimbali, kila mmoja na kifo chake na hesabu yake, hivyo maneno yanaweza kuwa huru wakati picha ya ukurasa unaofuata bado ina mwenyewe. La pili ni toleo. Kuchapisha tena maneno yaleyale hakuurefushi ulinzi, lakini utangulizi mpya au sura mpya iliyoongezwa na mtu mwingine ina ulinzi wake wa pekee. La tatu linauma kidogo kulisema: ulichorithi kwa mjomba ni karatasi. Haki ya kunakili na kutafsiri haikuwa yake hata siku moja, na wala haikufa eti kwa sababu kampuni iliyochapa ilifungwa. Haki hizo hupita kwa warithi wa mwandishi au kwa aliyezinunua.

Kitabu cha tatu kinahitaji uangalifu zaidi. Sheria inasema kazi isiyo na jina la mwandishi hulindwa miaka 50 tangu ilipochapishwa kwanza, na najua kishawishi cha kukiingiza chako humo. Lakini kitabu kilichochanika ukurasa hakigeuki kuwa kitabu kisicho na mwandishi. Mwandishi yupo, ila wewe hujamwona. Mtafute. Chukua sentensi moja ndefu isiyo ya kawaida, iandike neno kwa neno ndani ya alama za nukuu kwenye mtandao, maana vitabu vingi vimeshaskaniwa. Angalia ukurasa wa mwisho kabisa, ambapo wachapaji wengi wa Uingereza waliweka jina lao. Angalia pia vifaa vinavyotajwa. Kikitaja Leica kama kamera inayouzwa madukani, hakiko kabla ya 1925. Kikitaja filamu ya rangi ya Kodachrome, hakiko kabla ya 1935. Kikieleza kamera ya Polaroid inayotoa picha palepale, ni cha 1948 au baada yake. Usipompata mwandishi, kiache kiwe kitabu cha kusoma na kuonyesha, usikichape.

Mpaka hapo huenda unaona nimekufungia milango. Sivyo. Hata kitabu ambacho bado kinalindwa, unaruhusiwa kukisoma mbele ya wanafunzi, kukipitisha mkono kwa mkono, kukiazimisha, na kunukuu sehemu fupi kwa ajili ya kufundishia kwa kiasi kinacholingana na kusudi lako, mradi umtaje mwandishi na kitabu. Kisichoruhusiwa bila idhini ni kuchukua kitabu kizima, au sehemu yake kubwa, ukakinakili na kukigawa. Na kutafsiri pia ni haki ya mwandishi, kwa hiyo kukigeuza kuwa Kiswahili hakukuokoi.

Na mlango mkubwa kuliko yote ni huu: sheria yetu haiyalindi mawazo, mbinu, taratibu wala kanuni, inalinda namna mtu alivyoyaeleza. Hakuna mrithi popote duniani anayeweza kukudai kwa sababu umewafundisha vijana kanuni ya theluthi. Mfano mzuri ni mfumo wa kanda za mwanga ambao Ansel Adams na Fred Archer waliutengeneza karibu na 1940, unaogawa picha katika ngazi kumi na moja, kutoka weusi mtupu mpaka weupe mtupu. Aya za Adams zinalindwa. Picha zake zinalindwa. Mfumo wenyewe ni wako, ni wangu, na ni wa kila anayeshika kamera, na unaweza kuueleza kwa Kiswahili chako, kwa michoro yako, na kwa picha za vijana wako, bila kumwomba mtu ruhusa.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoingia, kwa sababu mfumo huohuo unaonyesha kwa nini kanuni ya kitabu haipaswi kunakiliwa kama ilivyo hata pale sheria inaporuhusu. Kipima mwanga cha kamera, na cha simu pia, hukiona kila kitu kama rangi ya kijivu cha katikati, ambayo katika kanda za Adams ni kanda ya tano. Adams aliiweka ngozi ya Mzungu iliyopigwa na jua kwenye kanda ya sita, yaani stopu moja, au mwanga maradufu, juu ya kijivu, na ngozi nyeusi kwenye kanda ya tano. Vitabu vingi vidogo vilivyomfuata vilibeba sentensi ya kwanza tu, "weka uso kwenye kanda ya sita," kana kwamba dunia nzima ina uso wa aina moja. Kijana wako akiifuata sentensi hiyo kwa uso wa bibi yake, atauchuja ule uso, na mng'ao mzuri wa paji la uso na mashavu utageuka kuwa baka jeupe. Akiiacha kamera iamue yenyewe, huku bibi amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera itaufanya ukuta kuwa kijivu na kuusukuma uso gizani. Dawa ni kusogea karibu, kupima uso wenyewe, kisha kuamua kwa macho uso huu, wa rangi hii, unastahili kukaa kanda gani. Kanuni iliyokuwa na thamani ni ile ya kupima na kuamua. Ile namba ilitegemea mahali na watu.

Ndivyo ninavyoziona kanuni zote za mpangilio, na wala sisemi hivyo kwa kuzidharau. Nazipenda, na nadhani mwalimu anayewaambia vijana "piga tu unavyojisikia" anawanyima kitu. Lakini kila kanuni ilizaliwa mahali fulani kutatua tatizo fulani, na inafaa mwanafunzi alijue tatizo hilo. Kanuni ya theluthi ilipewa jina hilo mwaka 1797 na mchoraji wa Kiingereza, John Thomas Smith, alipokuwa akieleza michoro ya mandhari ya vijijini, na hakuwa akizungumzia yale makutano manne ya mistari tunayoyaona kwenye kioo cha simu. Hoja yake ilihusu uwiano: mbingu isigawane sawasawa na nchi, maji yasigawane sawasawa na ardhi, sehemu moja itawale nyingine. Ukiielewa hivyo, kanuni inageuka kuwa swali: katika picha hii, nani anatawala?

Wapeleke vijana Kitulo kati ya Desemba na Aprili, maua yakiwa yamechanua, uwaambie wajibu swali hilo. Mbingu ya masika kule juu mara nyingi ni shuka moja jeupe lisilo na umbo. Kuipa theluthi ya picha kwa sababu gridi ya simu imeonyesha mstari ni kuipa nafasi ambayo haikuistahili. Huenda ikatosha ukanda mwembamba, au isiwepo kabisa. Kisha wapeleke kwenye mashamba ya chai ya Rungwe au Mufindi. Pale juu ya kilima upeo wa macho mara nyingi hauonekani, kwa hiyo kanuni ya mbingu na nchi haina la kusema, lakini kanuni nyingine inaamka, ile ya mistari inayoliongoza jicho. Matuta ya chai yenye njia za wachumaji katikati ni mistari mizuri mno, na hapo ndipo vijana wengi hulewa. Wanapiga mistari. Mwulize kila mmoja: mstari huu unanipeleka wapi? Ukinitoa kwenye mchumaji na kunitupa kwenye kona tupu ya kulia, mstari huo unafanya kazi dhidi yako. Sogea hatua mbili kushoto, inama mpaka kamera ilingane na ukingo wa kikapu chake, na mistari ileile itakusanyika mgongoni kwake.

Kanuni ya ukubwa ina nafasi ya pekee huku kwetu, kwa kuwa tuna vitu ambavyo kamera huvidanganya. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa takribani mita tatu na uzito wa takribani tani 16, lakini kikipigwa peke yake kikajaza fremu kinafanana na jiwe la jikoni. Nguzo za Isimila, karibu na Iringa, zikipigwa bila kitu kando yake hazisemi kama zinakufika magotini au zinaizidi nyumba. Mtu mmoja akisimama mahali panapostahili, jambo linakwisha. Vitabu vya zamani vililisisitiza hili sana na vilikuwa na haki.

Kanuni ambayo ningeiondoa mapema ni ile ya jua liwe nyuma ya bega la mpiga picha. Ilitoka katika nchi ambazo jua hupita chini chini sehemu kubwa ya mwaka, na wakati ambapo filamu zilikuwa nzito kupokea mwanga na lenzi hazikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Mbeya ipo takribani nyuzi tisa kusini mwa Ikweta. Katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari, adhuhuri jua letu linasimama utosini, na hakuna bega linaloweza kukaa mbele yake. Macho ya bwana harusi yanageuka mashimo mawili meusi. Mwingize chini ya baraza, mgeuze atazame nje, na acha mwanga unaoruka kutoka kwenye uwanja umjie usoni toka chini. Kama uwanja ni wa udongo mwekundu, tandika shuka jeupe mbele ya miguu yake, la sivyo ngozi itabeba rangi ya udongo.

Robinson alipenda kuwapanga watu kwa umbo la piramidi, kilele kimoja na msingi mpana, na Emerson hakuvumilia kanuni zilizokaririwa namna hiyo. Wafundishe vijana wote wawili, kwa kuwa wote wapo huru kisheria na kwa kuwa ugomvi wao una faida kuliko kitabu kimoja kinachotoa amri. Kila Jumamosi mpe mwanafunzi kanuni moja tu, apige kitu kilekile mara tatu: akiitii, akiivunja kidogo, akiivunja kabisa. Kisha mzitazame picha zikiwa zimegeuzwa juu chini. Wapiga picha wa kamera kubwa za sanduku waliiona picha kichwa chini kwenye kioo cha nyuma siku zote, na hali hiyo iliwasaidia kuona maumbo kabla ya kuona "shangazi" au "mlima". Kijana akiweza kusema kwa nini picha ya tatu imeizidi ya kwanza, ameipata kanuni. Akisema tu "hii ina theluthi," bado.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usivitafsiri vile vitabu vyako viwili vya 1938 na 1952, hata ukigundua kwamba vipo huru. Ukitaka kutafsiri, chukua sura za Robinson na Emerson, uwataje, na ujue kwamba tafsiri yako ya Kiswahili itakuwa na hakimiliki yako wewe. Kwa darasa lako, andika kijitabu chako, kanuni moja kwa kila ukurasa, maneno yako, na picha za vijana zilizopigwa Mwanjelwa, Tukuyu, Kitulo na Isimila. Haki yako itakuwepo tangu siku unapoandika. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti la kuwa na haki, ingawa hurahisisha kuithibitisha pakitokea ubishi.

Kabla hujapeleka kwa mchapaji, kumbuka kwamba wanafunzi wako nao sasa ni wenye haki. Picha aliyoipiga kijana ni yake, hata kama kamera ni ya studio yako na zoezi ulilitoa wewe. Andaa karatasi ya ruhusa ya ukurasa mmoja inayotaja picha yenyewe, kijitabu itakamotumika, kama itatolewa bure au itauzwa, na kama itawekwa mtandaoni. Isainiwe na kijana, au na mzazi wake kama hajatimiza miaka 18, na kila mmoja abaki na nakala. Aliyepigwa picha naye aulizwe, hasa mchumaji wa chai na mama wa sokoni, kwa kuwa kukubali kupigwa hakumaanishi kukubali kuchapwa. Jina la mpiga picha liwekwe chini ya picha yake, kwenye ukurasa uleule.